Chisos: huku mgumu ni wewe mwenyewe

Swali la msomaji wa Houston, Texas: *"Shikamoo kaka. Mimi ni mzaliwa wa Arusha. Mwaka 2019 nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame na nilifika kileleni bila shida. Sasa mimi na binamu zangu wawili tunataka kwenda hifadhi ya taifa ya Big Bend, huku magharibi mwa Texas, wiki ya tatu ya Machi, tulale usiku tatu juu ya milima ya Chisos, ukingoni kabisa, kwenye zile kambi za porini zisizofikiwa na gari. Hema tumeshanunua. Je, tunahitaji kiongozi? Ni kweli kuna dubu? Na maji tubebe kiasi gani? Binamu mmoja anasema lita mbili kila mtu zinatosha, kwa kuwa juu kuna chemchemi."*

Marahaba, mdogo wangu. Suala la maji umeliweka mwisho, mimi nitaanza nalo, maana majibu ya yale mengine karibu yote yanatoka humo.

Kumbuka ule usiku wa mwisho wa Machame kabla ya kileleni. Ulilala kambi ya Barafu. Pale Barafu hakuna maji. Maji ya mwisho ya njia ile yako kambi ya Karanga, na ile chai uliyoamshiwa usiku wa manane, ile supu ya tango uliyoiacha nusu kwa sababu ya kichefuchefu, hata maji ya kunawa uliyoletewa kwenye karai, yote yalipandishwa na wagumu, yaani wapagazi, kwa madumu kutoka Karanga. Kazi hiyo nimeifanya mwenyewe kabla sijaanza kuongoza wageni, na sikumbuki mgeni hata mmoja aliyewahi kuniuliza maji yametoka wapi. Siwalaumu. Mtu anayepumua kwa shida haulizi habari za madumu.

Sasa ichukue Chisos hivi: kambi zote za juu ni Barafu. Karanga haipo, na wagumu hawapo.

Hiyo chemchemi anayoisema binamu yako ipo kweli. Inaitwa Boot Spring, iko kwenye bonde la Boot Canyon katikati ya milima, na kuna miezi inatoa maji mazuri tu. Kuna miezi mingine unakuta tope na majani. Hifadhi yenyewe inasema wazi kwamba chemchemi za jangwani si za kutegemea, na Machi ni mwishoni mwa majira makavu ya huko, kwa sababu mvua zao nyingi hunyesha kuanzia kati ya Mei na Oktoba. Ukikuta maji pale, chuja au chemsha, na uyahesabu kuwa ni ziada. Anayepanda na lita mbili akitegemea Boot Spring ameweka roho yake rehani kwa shimo ambalo hajaliona.

Kipimo rasmi cha hifadhi ni galoni moja kwa kila mtu kwa siku, yaani karibu lita 3.8. Mimi nahesabu 4, kwa kuwa kupika na kupiga mswaki kumo humohumo. Usiku tatu juu maana yake ni siku tatu kamili na asubuhi ya nne: 4 na 4 na 4, kisha 2 za kushukia. Lita 14. Lita moja ni kilo moja, hilo halina mjadala. Weka hema, begi la kulalia, jiko, nguo na chakula, hapo hujakosa kilo 13 nyingine hata kama umenunua vitu vyepesi. Jumla kilo 27. Kilimanjaro mzigo wa mgumu unapimwa getini, na kiwango ni kilo 20. Wewe, mtu wa ofisini Houston, unataka kubeba zaidi ya alichoruhusiwa kijana wa Marangu aliyezaliwa kwenye mteremko.

Kwa hiyo usiku tatu ukingoni, hapana. Usiku mmoja ukingoni, ndiyo, tena utaufurahia kuliko hizo tatu. Safari yenu isibadilike siku zake, ibadilike mahali pa kulala.

Usiku wa kwanza laleni Basin. Hili ni bakuli kubwa katikati ya milima, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,650, lami inafika hadi pale, kuna kambi ya magari na bomba la maji ya kunywa. Kutoka Houston ni saa tisa hadi kumi za kuendesha, kwa I-10 kupitia San Antonio hadi Fort Stockton, halafu kusini hadi Marathon, halafu kama kilomita 110 nyingine za barabara isiyo na kitu hadi Panther Junction ndani ya hifadhi. Mkifika mtakuwa hoi. Msithubutu kuanza kupanda jioni hiyo. Jazeni mafuta ya gari Fort Stockton au Marathon, msingoje taa iwake.

Asubuhi yake pandeni na lita 8 kila mmoja. Ndiyo, ni nzito. Lakini ni za siku moja na nusu, na mnazipunguza kila hatua. Njia ziko mbili. Pinnacles ni fupi na inapanda kwa kona kali, inakuvunja magoti. Laguna Meadows ni ndefu kidogo na inapanda taratibu, na ndiyo inayokwenda moja kwa moja kwenye ukingo wa kusini-magharibi, Southwest Rim, kama kilomita 10 kutoka Basin. Watu wengi watakushauri upande Pinnacles ushuke Laguna, kwa sababu asubuhi Pinnacles ina kivuli. Mimi nakwambia kinyume, kwa sababu ya maji: ukiwa na mzigo mzima pita njia ya upole, na ile ya kona kali ishukie siku ya pili, mgongo umeshakuwa mwepesi. Pole pole ile uliyofundishwa Machame itumie huku pia. Kule ilikuwa kwa ajili ya mapafu, huku ni kwa ajili ya jasho. Anayekwenda mbio anatoka jasho, na anayetoka jasho anakunywa.

Usiku wa pili mtalala Southwest Rim. Usiku wa tatu, mkishuka kwa Boot Canyon na Pinnacles, mtafikia kambi za Boulder Meadow, ambazo hazifiki kilomita 3 kutoka Basin. Hapo mmoja wenu anaacha mzigo hemani, anashuka na chupa tupu, anajaza bombani, anarudi. Mnapata usiku wa pili wa porini bila kubeba maji yake mlima mzima. Ujanja huu ni wa kigumu kabisa: mzigo haupandishwi mahali ambapo unaweza kuufuata baadaye.

Na maji yagawe kwenye chupa nyingi. Hili nalisisitiza kwa aibu. Mara yangu ya kwanza Chisos nilikwenda na kiburi cha Kilimanjaro. Emory Peak, kilele cha juu kabisa cha milima ile, ni kama mita 2,385, hakifiki hata Mandara, ambayo kwetu ni kambi ya siku ya kwanza ya njia ya Marangu. Nikacheka. Nikachukua mfuko mmoja wa plastiki laini wa lita 6, nikaulaza juu ya begi la kulalia, mfuniko sikuukaza sawasawa. Nilipofika Laguna Meadow nikahisi mgongo una ubaridi mzuri, nikadhani upepo. Kumbe nusu ya maji iko ndani ya begi la kulalia. Usiku ule nililala nimevaa kila nilichokuwa nacho, natetemeka, na nina kiu. Saa kumi alfajiri nilikunja hema na kushuka kwa taa ya kichwani. Chupa za soda za lita moja na nusu, zilizooshwa, hazijawahi kunifanyia hivyo, na bei yake unaijua.

Umesema ukingoni kabisa, na pengine umeona picha za Southeast Rim na Northeast Rim. Hizo kwa Machi zifute. Kila mwaka kuanzia Februari 1 hadi Mei 31 kambi za kingo hizo mbili na njia zake hufungwa, kwa sababu kozi wanataga kwenye miamba ile. Kozi ni ndege anayeshuka kama jiwe lililorushwa, lakini mtu akitokea juu ya kiota chake, kozi anaweza kuliacha yai lipoe. Southwest Rim huwa wazi, na mandhari yake haina upungufu: mwamba unakatika miguuni pako, jangwa liko zaidi ya mita 600 chini, na ng'ambo ni Mexico, safu juu ya safu mpaka rangi zinaisha.

Kiongozi si lazima. Hii ndiyo tofauti nyingine kubwa na nyumbani, ambako huruhusiwi kuvuka geti la Kilimanjaro bila kiongozi mwenye leseni. Hapa kinachotakiwa ni kibali, na kibali kinataja kambi kwa jina na namba. Kambi za Chisos ya juu ni 42 tu kwa milima mizima, na huwezi kusimamisha hema popote unapojisikia: unatafuta kibao chenye namba yako, unalala pale. Kibali kinakatwa kwenye mtandao wa Recreation.gov hadi miezi 6 kabla, na wiki ya tatu ya Machi ni likizo ya wanafunzi wa Texas, ndio wakati hifadhi inafurika. Kama hamjakata, ingieni mtandaoni usiku na asubuhi mkiangalia waliofuta, na mkubali kulala juu katikati ya wiki badala ya Ijumaa na Jumamosi. Mkikosa Southwest Rim chukueni kambi za Colima au Laguna Meadow, mfike ukingoni kwa miguu jioni bila mizigo, mrudi na taa za kichwani. Tena hapohapo mtandaoni angalieni kama Basin yenyewe iko wazi tarehe zenu. Kuna mradi wa kujenga upya lodge ya pale na kubadilisha mabomba ya maji, na mpango wangu wote umesimama juu ya bomba lile. Getini mtalipa dola 30 kwa gari, zinatosha siku 7.

Hema mmeshanunua, sawa. Swali langu ni moja: linasimama lenyewe bila vigingi? Ardhi ya kambi zile ni udongo mgumu na mawe, kigingi kinaingia nusu kisha kinapinda. Kama hema lenu linategemea vigingi ili lisimame, mtataabika. Chukueni kamba za ziada, mfunge kwenye mawe makubwa na vigogo vilivyolala. Machi upepo wa Chisos hauna adabu, hasa kule ukingoni. Kambi nyingi za Southwest Rim ziko kwenye miti, zimerudi nyuma kidogo ya mwamba, na hapo ndipo pa kulala hata kama moyo unataka kuona nyota kupitia mlango wa hema. Nyota mtatoka nje mkaziangalie. Tangu 2012 Big Bend inatambuliwa kimataifa kuwa hifadhi ya anga la giza, na kati ya hifadhi za taifa za Marekani bara hakuna yenye taa kidogo zaidi usiku. Mtoto wa Arusha aliyekulia Njiro atakumbuka mgao wa umeme.

Baridi ipo. Jangwa linawadanganya watu. Kule chini mtoni, Rio Grande Village, mchana wa Machi unaweza kuvaa fulana na bado ukatafuta kivuli, na juu kwenye ukingo ni nyuzi kama 10 pungufu ya pale. Usiku ukishuka, hewa kavu haina kitu cha kuzuia joto lisipae. Jiandaeni kwa usiku wa karibu na sifuri: begi la kulalia la nyuzi hasi 5, kofia ya sufu, na mkeka mzuri chini, kwa kuwa baridi ya ardhini ndiyo inayoamsha watu saa tisa usiku, siyo ya hewani. Lile koti ulilokodi Moshi ungekuwa nalo lingefaa.

Chakula nacho kipimeni kwa maji. Maharage makavu, hapana. Wali unakunywa maji, na sufuria yake nayo inataka kuoshwa. Ugali ni kidogo afadhali lakini ule ukoko utausugulia nini? Kilichonifaa mimi ni chapati zilizopikwa nyumbani siku ya kuondoka, karanga, tende, mayai ya kuchemsha kwa siku ya kwanza, nyama kavu, na tambi za dakika tatu ambazo mchuzi wake unanyweka wote, hivyo maji ya kupikia yanaingia tumboni badala ya kumwagwa. Chai msiinyime nafasi. Jiko liwe la gesi. Moto wa kuni au mkaa ardhini umepigwa marufuku hifadhi nzima, na Chisos wana sababu ya kuwa wakali: Aprili 2021 moto uliteketeza zaidi ya hekta 500 karibu na South Rim, na makovu yake mtayapita.

Dagaa, nakuomba, waache Houston. Na hapa ndipo tunafika kwa dubu.

Wapo. Ni dubu weusi, na habari yao ni nzuri. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1944 walikuwa wameshakwisha kwa bunduki na mitego. Miaka zaidi ya 40 hakuna dubu anayeishi Chisos. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1980 akaonekana jike na watoto. Hawakuletwa na mtu. Walitoka milima ya Sierra del Carmen upande wa Mexico, wakavuka jangwa na mto kwa miguu yao, wakapanda kwao. Wakati ule mpaka ulivukwa bila karatasi.

Dubu mweusi hakutafuti wewe, anatafuta begi lako. Mfikirie kama nyani wa Manyara mwenye pua kali mara nyingi zaidi na mabega ya bondia. Kila kambi ya Chisos ya juu ina sanduku la chuma lenye komeo ambalo hawezi kulifungua. Humo kinaingia chakula chote, takataka, dawa ya mswaki, mafuta ya kujipaka, sabuni, hata pipi iliyosahaulika mfuko wa suruali. Hemani kisibaki kitu chenye harufu isipokuwa wewe mwenyewe. Mkikutana naye njiani, simameni pamoja, ongeeni kwa sauti, rudini nyuma taratibu mkimpa njia. Msikimbie. Puma naye yupo, ingawa watu wengi wanamaliza miaka bila kumwona. Kwake huyo usikimbie wala usiiname, mtazame, inua mikono, piga kelele, rusha mawe. Wanyama wadogo wanaofanana na nguruwe-mwitu, wanaoitwa javelina, watakuja kunusa tu, na kule juu kuna ndege wa bluu wa ukoo wa kunguru ambao watakuibia chapati mkononi ukizubaa, kama wale kunguru wenye kola nyeupe wa Horombo.

Jambo linaloumiza watu wengi Chisos wala si mnyama. Ni mmea. Utaona majani magumu yanasimama kama mikuki, mafungu mafungu kando ya njia, na utajiambia huu ni mkonge. Hujakosea sana. Ni agave, ukoo uleule, na mkonge wa Tanga, ambao asili yake ni Mexico, uliletwa mwaka 1893 kutoka Florida. Aina moja fupi inaitwa lechuguilla, ncha yake inapita kwenye kitambaa cha kiatu. Usiku ukitoka hemani kujisaidia, vaa viatu vilivyofunikwa na washa taa. Baadhi ya kambi zina choo karibu. Pasipo na choo, chimba shimo la kina cha sentimita 15 mbali na njia na mkondo wa maji, ufukie, na karatasi urudi nazo kwenye mfuko. Najua hili la karatasi linawachukiza watu, lakini jangwani karatasi haiozi. Utaikuta mwakani ikikungoja.

Njia nzima utashangaa kwamba uko jangwani. Chini ni dungusi na vumbi, ukipanda kidogo unaingia kwenye mitarakwa, misonobari na mialoni, na Boot Canyon kuna miti ya maple ambayo chini jangwani huwezi kuiona. Aliyewahi kutoka Isiolo akipita Laisamis akaingia msitu wa Marsabit anaielewa hali hii: mlima unainua kipande cha msitu juu ya joto, kikabaki kama kisiwa. Mwezi Aprili anafika pale ndege mdogo aitwaye Colima warbler kutoka Mexico, na Chisos ndipo kitovu cha kuzaliana kwake upande huu wa mpaka. Wapenzi wa ndege wanasafiri nchi nzima kumsikia. Ninyi mtakuwa mmemtangulia kwa wiki chache.

Siku ya kushuka, kama miguu bado ina nguvu, pale juu ya Pinnacles kuna njia ya pembeni ya kilomita 2.4 kwenda Emory Peak. Makutanoni kuna masanduku ya chuma: wekeni mizigo humo, pandeni na chupa moja kila mtu. Mita chache za mwisho ni kuparamia mwamba kwa mikono. Kama binamu mmoja ataogopa, mwacheni akae chini ya mwamba, mandhari ni yaleyale.

Jua litawashangaza. Big Bend iko mbali magharibi lakini inatumia saa za Houston, kwa hiyo mwishoni mwa Machi linachomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama baada ya saa mbili usiku. Amkeni gizani, muwe njiani kunapopambazuka, mchana wa saa sita hadi tisa mpumzike kivulini. Kunyweni kidogo kidogo, na kila mmoja awe na pakiti kadhaa za ORS zilezile wanazopewa watoto wa kuhara. Jasho linatoka na chumvi, na mtu akinywa maji matupu kwa wingi anaweza kupata kizunguzungu na kichefuchefu akadhani bado ana kiu. Angalieni mkojo. Ukiwa rangi ya chai ya rangi, simameni.

Na mkishamaliza mlima, msijipe zawadi ya matembezi ya mchana kule chini jangwani. Mwezi Juni 2023, kwenye njia ya Marufo Vega karibu na mto, joto likiwa nyuzi 48, kijana wa miaka 14 alianguka akafa, na baba yake wa kambo aliyekimbilia gari kutafuta msaada alipata ajali akafa pia. Machi si Juni, lakini bonde ni lilelile, na hospitali ya karibu iko Alpine, zaidi ya kilomita 150. Simu huko msiitegemee. Kabla ya kuondoka mwachieni mtu Houston majina ya kambi zenu, tarehe, na saa ambayo asiposikia kutoka kwenu awapigie simu wahifadhi.

Jambo la mwisho viongozi wa hapa hawawaambii wageni, kwa sababu wao haliwahusu. Mkitoka hifadhini, barabara ya 385 ya kwenda Marathon na ile ya 118 ya kwenda Alpine zote zina vituo vya ukaguzi vya Border Patrol, yaani askari wa mpakani. Mnasimamishwa, mnaulizwa kama ninyi ni raia. Mwenye green card sheria inamtaka atembee nayo, mwenye viza awe na pasipoti na karatasi zake. Picha kwenye simu haitoshi, na simu yenyewe itakuwa imekufa chaji. Zitieni kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, zikae mfuko wa mbele wa begi. Msizizike chini kabisa, kwenye soksi za siku tatu.